Kuku Niliowanunua, Mama Akawalea

Ntobeye, Jumatatu jioni. Ukungu umeshuka mapema leo, hata migomba ya nyuma ya jiko siioni vizuri. Mama amelala chumbani kwake na mlango uko wazi kidogo, kama anavyopenda. Mimi nimekaa kizingitini na simu. Nimekasirika, na nimechoka kukasirika.

Blogu hii niliifungua Biharamulo kwa ajili ya picha za mishono. Wanaoisoma ni mafundi wenzangu na wateja wachache waliokuwa wakichagua magauni ya harusi. Kama wewe ni mmoja wao, nisamehe, leo hakuna gauni. Leo naandika habari za kuku na za mama yangu, kwa sababu hapa kilimani sina wa kumweleza.

Nilirudi nyumbani baada ya mama kuanguka shambani na kuvunjika nyonga. Baba alishafariki. Tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu Deo, ambaye anaishi Nyakanazi na mke wake na watoto, ana duka la vifaa vya ujenzi na gari la kubebea mizigo. Jambo la nani akae na mama tulilimaliza kwa simu, na halikuchukua muda.

"Dada, wewe huna familia," aliniambia, kwa sauti ile ile ambayo mtu anakuambia kwamba nje kuna mawingu.

Sikubisha. Nilimwachia rafiki yangu cherehani, nikakabidhi chumba, nikapanda gari.

Kitu ambacho Deo hakukisema, na mimi nikakimeza, ni kwamba mimi na mama hatujuani. Nilikuwa mtoto wa miaka sita nilipopelekwa Nyamigogo kwa shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa na watoto wachanga na hakuwa na wa kumsaidia. Ilisemwa ningekaa mpaka mavuno. Nilikaa mpaka nikaota matiti, nikamaliza shule, nikajifunza ushonaji. Huku nyumbani nilikuja likizo mara chache, na nilipokuja nilipewa kiti, kama mgeni.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kupika. Nilipougua malaria ikapanda kichwani, shangazi ndiye aliyelala chini ya kitanda changu hospitali. Mama hakuja. Alituma mkungu wa ndizi.

Kwa hiyo miezi ya kwanza hapa ilikuwa migumu kwa namna isiyo na kelele. Nilimwosha, nikampikia, nikamsaidia kujifunza kutembea na mkongojo. Yeye alisema maneno yanayohitajika tu. Chumvi imezidi. Maji yamepoa. Funga mlango. Jioni tulikaa pamoja jikoni, kila mmoja akiangalia moto wake katika moto uleule mmoja.

Ndipo nikapata wazo la kuku. Sikuwa nimewahi kufuga chochote maishani. Nilitaka tu kitu cha kufanya ambacho si ugonjwa wa mama, na nikafikiri mayai hayatakuwa mabaya.

Nilikwenda Ngara mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, nikachukua vifaranga chotara wa siku moja waliokuwa wamefika asubuhi ile kwa basi. Walikuwa kwenye boksi lenye matundu, wanalia wote kwa pamoja. Nilirudi nao kwa bodaboda nimelipakata boksi, mwendo wa pole pole, na kila tulipopita kwenye jiwe dereva aliomba samahani. Sijui alikuwa anamwomba nani, mimi au wao.

Mama alikuwa kwenye benchi mlangoni. Nilifungua boksi mbele yake, kwa furaha ya kijinga kabisa, kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Kuku wa boksi," alisema. "Hawana mama hawa."

Akageuza uso.

Niliwawekea kona ya chumba cha stoo. Nilimwaga maranda ya mbao, nikazungushia kadibodi, nikaweka chungu cha makaa katikati kwa ajili ya joto, maana huku kwetu asubuhi ni baridi hasa. Sikujua ninachofanya. Siku za mwanzo nilikuta wengine wamekufa, wamelaliana kwenye pembe moja wakitafuta joto. Niliwatoa kwa kijiko cha kupakulia, nikawafukia chini ya mgomba, nikalia kidogo kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

Mama alinisikia. Aliingia stoo na mkongojo wake, akaangalia chungu, akaangalia kadibodi, akasema niivute iwe duara, isiwe na pembe. Nikaivuta. Halafu akaomba kigoda.

Tangu siku ile hakutoka stoo.

Nilikuwa nikimpelekea uji asubuhi namkuta tayari amekaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, kanga imetandazwa mapajani. Aliweka pumba kiganjani na kukishusha chini, akakaa hivyo. Vifaranga walikimbia upande wa pili wote kwa pamoja. Aliacha mkono palepale. Nilipita na ndoo, nikapita na kuni, nikapita na nguo za kuanika, mkono uko palepale. Mtu ambaye hawezi kunisubiri nipoze chai.

Ilichukua siku kadhaa. Mmoja alianza kusogea, mwenye doa jeusi kichwani. Akadonoa, akakimbia. Akarudi. Baadaye akapanda kabisa kiganjani na kujikunyata, na mama akafunga vidole taratibu mpaka kikabaki kichwa tu nje.

Na hapo mama akaanza kuongea.

Aliongea Kihangaza, pole pole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Siwezi kuyaweka kwa Kiswahili yakakaa sawa. Yalikuwa karibu na kusema, njoo mtoto wangu, njoo nikuone, nani amekutisha, nani, mwambie mama. Alirudia na kurudia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Naandika ukweli. Nina umri wa mtu mzima, nimejitegemea tangu ujana wangu, na nilisimama pale nikawaonea wivu vifaranga.

Walipokua kidogo tuliwatoa nje. Nilitengeneza banda la mabanzi lenye mlango wa wavu, nikawapa chanjo ya kideri, matone ya machoni, mmoja baada ya mwingine, mama akiwashika na kuwatuliza. Nilisafisha kinyesi kila asubuhi. Nilibadilisha maji. Nilikwenda Ngara kufuata chakula chao mvua ikininyeshea. Nayasema haya si kwa sababu nataka sifa. Nayasema kwa sababu hakuna kuku hata mmoja aliyewahi kunifuata.

Mama alikuwa akitoka mlangoni tu, kabla hata hajaita, wanamkimbilia wakiwa wamekunjua mabawa. Wanampandia miguuni, mabegani, mwenye doa jeusi alilala mapajani mwake mchana kutwa kama mtoto wa kunyonya. Majirani wakipita njiani walisimama kucheka. "Bibi, hao si kuku, hao ni wajukuu." Na mama alicheka nao. Nilikuwa sijawahi kuona meno ya nyuma ya mama yangu.

Nilipowasogelea mimi walitawanyika. Kwao nilikuwa mtu wa dawa na ufagio.

Siku moja mwewe alishuka. Nilikuwa kisimani. Nilisikia kelele za mama nikaacha ndoo njiani, nikakimbia. Nikamkuta ameanguka kifudifudi uani, mkongojo uko mbali, alikuwa ameurusha. Mwewe alishaondoka na mmoja. Nilimwinua nikiogopa nyonga imevunjika tena, nikamuuliza anaumia wapi. Alikuwa anaangalia angani.

"Alikuwa ananiangalia mimi," alisema. "Nimemwona anavyoniangalia mpaka anapotea."

Hakula siku ile. Nilimwambia mama, ni kifaranga tu. Akaniambia mimi siwezi kuelewa, sijazaa.

Nilitoka nje. Nilikwenda nikachukua ndoo yangu pale nilipoiacha, na maji yote yalikuwa yamemwagika, nikarudi kisimani.

Sasa niseme ya Jumamosi.

Deo alikuja bila kutoa taarifa, kama kawaida yake, na gari lake. Alileta mkate, sukari na kreti ya soda. Mama alimsikia kabla mimi sijasikia. Alikuwa mlangoni amesimama bila mkongojo, ameshika fremu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba yangu. Marahaba. Njoo nikushike."

Alimshika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nachagua maharage. Deo akanigeukia, akasema, "Dada, umekonda," akakaa kwenye kiti changu.

Nilipika. Alikula vizuri. Alieleza habari za duka, za mtoto wake mkubwa anayefanya vizuri darasani, za barabara. Mama alimtazama anavyotafuna. Baada ya chakula tulitoka uani, na kuku wakaja mbio kwa mama. Wameshakuwa wakubwa sasa, mitetea wazuri wenye vifua, majogoo wenye mikia inayong'aa. Rangi ya kahawia, nyeusi, ya majivu. Hata mimi niliona ni wazuri.

Deo aliinama akamshika mmoja. Hakukimbia. Deo akacheka.

"Mama, kuku gani hawa? Wapole hivi!"

"Nimewafundisha," alisema mama. Alisema kama msichana.

"Sasa mimi kule nina banda kubwa limekaa bure, jirani ananicheka. Nipe hata wachache nikawafuge, wawe mbegu."

Mama hakufikiri hata kidogo. "Wachukue baba."

Nilifikiri atasema wawili. Watatu. Ni kawaida, mtu akitoka nyumbani kwao anabebeshwa kuku, hata mimi ningempa. Nikaenda kutafuta kamba za mgomba za kufungia, nikaleta chache.

"Leta nyingine," alisema mama. "Atachukua wote."

"Mama, wote?"

"Usiwatenganishe. Wamekua pamoja. Ukimwacha mmoja hapa atanyong'onyea."

Naomba nirudie, kwa sababu tangu Jumamosi narudia kichwani na bado sijaamini. Mama yangu, mbele yangu, alisema haifai kuwatenganisha waliokua pamoja.

Deo aliniangalia. "Dada, umechukia?"

Nikasema hapana.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Mama alikaa kwenye kigoda chake akawaita mmoja mmoja kwa sauti ile ya stoo. Njoo nikuone. Wakaja. Aliwachukua mapajani, akawapangusa mgongo, akanikabidhi. Mimi nilishika miguu, Deo akafunga. Hakuna aliyepiga kelele. Hata jogoo mkubwa, ambaye alikuwa akinidonoa kila nikifungua banda, alilala tu mkononi mwangu, anamwangalia mama. Mwenye doa jeusi alikuwa wa mwisho. Mama alimnong'oneza kitu kwa muda mrefu. Sikusogea karibu nisikie.

Wakalazwa nyuma ya gari juu ya magunia. Mama akamwambia Deo aende pole pole kwenye makorongo. Deo akambusu mkono, akaondoka.

Nilifagia uani. Manyoya yalikuwa kila mahali. Mama alibaki kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hapa nilimkuta ananiangalia mimi, maana hakukuwa na kingine cha kuangalia.

Sikupanga kusema. Ilitoka.

"Mama, wale kuku niliwanunua mimi."

"Najua."

"Niliwasafisha mimi. Dawa nimefuata mimi."

"Sikatai. Uliwanunua." Aliweka mikono mapajani. "Lakini waliyemjua ni mimi. Mimi nimewalea. Anayelea ndiye mwenyewe."

Ufagio ulikuwa mkononi. Nikauegemeza ukutani taratibu ili usianguke.

"Kama ni hivyo, mama, mimi ni mtoto wa shangazi."

Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, vumbi likapita kati yetu. Nikafikiri hatajibu, na kwa kweli ningeweza kuishi hivyo, ningesema angalau nimesema. Lakini alijibu.

"Shangazi yako alitaka mmoja," alisema. "Deo alikuwa mtoto wa kulia. Ukimwacha kidogo tu analia mpaka anakauka sauti. Wewe ulikuwa hulii. Nikampa asiyelia."

Alisema bila ubaya. Hilo ndilo linalonitesa. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alichagua ndoo hii akaacha ile.

Na mimi nakumbuka siku ile. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Nilivaa gauni la kanisani. Shangazi alikuwa mlangoni na mfuko wake. Mama aliniita pembeni, nyuma ya jiko, akanifuta uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, akaniambia nisithubutu kulia mbele ya shangazi, nitamtia aibu.

Nilitii. Nilitii vizuri sana. Mpaka leo.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyenikataza." Alinitazama kwa muda, paji la uso limekunjamana, akijaribu kukumbuka. Nadhani alijaribu kweli.

"Mimi sikumbuki hilo," alisema.

Kisha akaomba nimsaidie kuingia ndani, baridi imeanza. Nikamshika kwapani, nikamwingiza.

Jana Jumapili nilikwenda misa peke yangu. Padri alihubiri, sikumbuki nini. Niliporudi nilimkuta mama amefika mpaka kwenye banda, amefungua mlango wa wavu, anakwangua kinyesi kilichobaki kwa fimbo. Kazi ambayo hakuwahi kuifanya hata siku moja. Nikamwambia aache, ataanguka. Akaacha.

Leo asubuhi kabla sijachemsha maji aliniuliza, "Umeongea na Deo? Kuku wamefikaje?"

Nikasema bado.

"Mpigie. Mwambie mwenye doa asilale karibu na mlango, anapata mafua."

Nilipanda juu kule kwenye mikaratusi ambako simu inashika vizuri. Nilimpigia. Kulikuwa na kelele za watu dukani kwake, akatoka nje ili anisikie. Nikampa ujumbe wa mama, nikamweleza na habari ya dawa, kwamba mwezi huu wanatakiwa kurudia chanjo.

Alicheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta njia.

"Dada, wale kuku mbona niliwauza."

"Umewauza lini?"

"Siku ileile. Nimefika tu njia panda, jamaa yangu mmoja ana hoteli, akawaona nyuma ya gari. Na walikuwa wamechafua magunia yote, dada, harufu!"

"Wote?"

"Wote. Ni kuku, dada. Nitakuletea wengine."

Niliangalia chini, paa letu la bati, na mama kwenye benchi, mdogo kama mtoto.

"Lakini usimwambie mama," alisema Deo. "Unajua presha yake. Mwambie wapo. Sawa dada? Wewe unajua kuongea naye."

Akakata.

Mimi ndiye ninayejua kuongea naye! Nilicheka peke yangu kwenye mikaratusi kama kichaa. Mimi na Deo hatujawahi kuwa na jambo letu wawili, hata mchezo mmoja wa utotoni. Sasa tunalo.

Nilishuka taratibu kuliko nilivyopanda. Njia nzima nilijua nitakachosema. Nilikuwa nimekipanga neno kwa neno, na naungama hapa kwamba kilikuwa kitamu mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba mwenye doa jeusi ameliwa na chipsi njia panda ya Nyakanazi. Nilitaka kusema hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, kama ile aliyonisemea yeye Jumamosi. Nilitaka aone mtoto wake anayelia amefanya nini. Nilitaka alie, na mimi niwe nimesimama pale nikimwangalia.

Nikafika. Alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Wamefika?"

Mkono wake ulikuwa juu ya benchi, umefunguka, kiganja juu. Sidhani alijua.

"Wamefika salama," nikasema.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Amewapa maji?"

"Amewapa."

"Na mwenye doa?"

"Amelala ndani kabisa, mbali na mlango."

Aliachia pumzi ndefu. Uso wote ulilegea, akawa mzuri ghafla, kama katika ile picha ya harusi yake iliyoko sebuleni.

"Nilijua," alisema. "Deo ana mkono wa kulea."

Nilienda jikoni. Nilikoroga uji. Nilikoroga mpaka ukawa mzito kupita kiasi, nikaongeza maji, nikakoroga tena. Alipouonja alisema sukari haitoshi. Nikaongeza sukari, ile aliyoileta Deo.

Mchana aliniuliza tena kama wameanza kutaga. Nikasema bado, watazoea kwanza. Aliridhika. Jioni hii wakati namfunika shuka akaniambia nimwambie Deo asiwachanganye na kuku wa kule, watapigwa. Nikasema nitamwambia.

Sijui kwa nini nilimdanganya. Ningependa kuandika kwamba ni huruma, na wasomaji wangu wa mishono wanifikirie vizuri. Labda ilikuwa huruma. Labda ni kwamba nilizoea zamani sana kumlinda mama asione aibu mbele za watu, hata watu wenyewe tukiwa mimi na yeye tu. Ninachojua ni kwamba nimesema uongo mara nyingi leo kuliko mwaka mzima, na kila uongo umempandisha Deo kidogo.

Anakohoa. Nimekwenda nimemgeuza upande, nimerudi. Hakuamka.

Sitaki kuku wengine. Deo akileta nitawarudisha kwenye gari. Nimeshamwandikia rafiki yangu kule Biharamulo anitumie cherehani kwa basi. Kama ni kukaa hapa, nitakaa nikiwa na kitu ambacho hakiitiki mtu akikiita.

Na kesho akiniuliza tena habari za kuku, sitajibu mimi. Nitamshika mkono tupande wote mpaka pale chini ya mikaratusi, hata kama itatuchukua asubuhi nzima kwa nyonga yake ile. Nitatafuta namba ya Deo, nitampa mama simu, halafu nitakaa pembeni, mbali kidogo, nisisikie.

Hivi ndivyo nilivyoamua. Mungu anipe ubaya wa kutosha wa kulitimiza kukicha.